Uamsho wa Kweli na Mizani Yake: Mfano wa Kanisa la Mennonite Mkoani Mara

Katika miji ya Musoma na Bunda, na hata vijijini Butiama, neno uamsho hukutwa zaidi kwenye mabango ya mikutano ya injili: huwa na tarehe ya kuanza, tarehe ya kumalizika na picha ya mhubiri. Matumizi hayo yanafifiza tofauti ambayo lugha yenyewe imeihifadhi. Uamko ni hali ya aliyeamka. Uamsho, kwa kuwa umetokana na kitenzi amsha, unamdai mwamshaji. Makala hii inajadili swali linalozaliwa hapo: ni kwa mizani gani itajulikana kwamba aliyeamsha ni Roho Mtakatifu na si vipaza sauti?

Swali hili si geni. Mwaka 1741, Jonathan Edwards wa Marekani alihoji kwamba vilio na kuanguka chini havithibitishi kazi ya Mungu wala haviikanushi. Hoja hiyo ni sahihi, ila historia ya Mara inaidai zaidi, kwa sababu hapa uamsho ulilazimika kuvuka mipaka ya lugha, ukoo na rangi.

Wamishenari wa Kimennonite kutoka Pennsylvania, wakiongozwa na Elam Stauffer, walianza kazi Shirati mwaka 1934. Vituo vya Bukiroba karibu na Musoma, Mugango, na Bumangi katika nchi ya Wazanaki vikafuata. Wakati huo vuguvugu lililochipuka Gahini, Rwanda, miongoni mwa Waanglikana, lilikuwa likisambaa kuelekea Uganda na Bukoba. Mwaka 1942 likawaka Shirati, kisha likaenea katika vituo vingine.

Kwamba Waafrika walitubu halikuwa jambo la ajabu. Toba ilikuwa imehubiriwa kwao kwa miaka minane. Jipya ni kwamba wamishenari nao waliungama dhambi zao mbele ya waumini waliokuja kuwafundisha. Kwa mwandishi, hicho ndicho kiini cha tukio lote. Mkiri mmoja mwenye mamlaka ana uzito kuliko umati unaolia, kwa kuwa anacho cha kupoteza. Zedekia Kisare, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo mwaka 1967, aliliona tunda lake kuwa undugu mpya kati ya watu ambao damu na desturi ziliwatenga. Moto huo haukuishia ziwani: ulirudi pamoja na wamishenari hadi kwa Wamennonite wa Lancaster waliowatuma.

Kutembea nuruni, kama walokole walivyouita mwenendo huo, kulikuwa na gharama nyingine ya wazi, yaani kurudisha mali iliyoibwa. Katika nchi ya wafugaji, toba ya aina hiyo huweza kuhesabiwa zizini, na jirani asiyesali ndiye shahidi wake bora.

Hata hivyo, si sahihi kuusifu uamsho huo bila kuuhoji. Ungamo la hadharani, lililoanza kama uhuru, liliweza kugeuka kuwa sheria ndani ya ushirika. Asiyejua msamiati wa nuru na kuvunjika alihesabiwa kuwa baridi, hata kama mwenendo wake ulikuwa safi. Aidha, undugu ule haukumaliza suala la kabila. Kanisa baadaye liligawanywa kuwa dayosisi za Mara Kaskazini na Mara Kusini, mgawanyo ambao kwa sehemu kubwa unawaacha Wajaluo upande mmoja na Wajita, Wazanaki na Waikizu upande wa pili. Wapo watakaosema kwamba hilo linaubatilisha uamsho wa 1942. Mwandishi haafiki. Waliokula sahani moja baada ya kuungamiana walikula kweli, na kwa kipimo hicho hicho watoto wao, waliorithi nyimbo na ushuhuda, hawakuweza kuurithi ungamo.