Muumano kati ya Filamu na Mwendelezo Wake: Funzo kwa Watunzi Chipukizi

Katika jamii ya Waluo, wakiwemo wale wa Homa Bay na Migori, watoto walikuwa wakikusanyika usiku katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, kusikiliza ngano. Msimulizi aliyekatiza kisa kwa sababu ya usingizi alikuwa na deni la kulipa kesho yake. Iwapo fisi alilala akiwa kilema, hangeamka akiwa mkimbiaji bila maelezo. Deni hilo ndilo tunaloliita muumano katika uhakiki wa fasihi.

Makala haya yanalichunguza suala hilo katika filamu. Filamu inapopendwa, aghalabu watengenezaji huona soko limeiva, wakaharakisha sehemu ya pili. Swali letu ni hili: je, kasoro za mwendelezo hutokana na haraka pekee?

Mfano bayana wa haraka ni King Kong, iliyotolewa nchini Marekani mwezi Machi 1933. Mwendelezo wake, The Son of Kong, ulitolewa Desemba mwaka uo huo. Mwigizaji Robert Armstrong alibaki katika nafasi ya Carl Denham, hivyo sura haikubadilika. Kilichopotea ni msuko. Ann Darrow na Jack Driscoll, ambao mapenzi yao yalikuwa mhimili wa kisa cha kwanza, hawaonekani tena. Katika kisiwa kile kile inazuka hazina ambayo haikudokezwa hapo awali, na Kong ana mwana ambaye mamaye haelezwi. Hata hivyo, si kila badiliko ni kasoro. Denham, aliyemtia Kong minyororo ili amwonyeshe kwa fedha, sasa ni mtu wa majuto. Jambo hili lina mantiki, kwa kuwa madhara aliyoyasababisha yamemletea mashtaka mengi. Majuto yake yamechipuka kutoka kisa cha kwanza. Hazina na mwana vimepachikwa tu.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu. Born Free, iliyoongozwa na James Hill na kupigwa nchini Kenya, ilitolewa mwaka 1966. Inasimulia jinsi Joy na George Adamson walivyomlea simba jike Elsa na kumrejesha mwituni, nayo ilijinyakulia tuzo mbili za Oscar kwa upande wa muziki. Mwendelezo wake, Living Free, ulitoka mwaka 1972. Miaka sita si haraka. Hata hivyo, Virginia McKenna na Bill Travers, walioigiza wanandoa hao, nafasi zao zilichukuliwa na Susan Hampshire na Nigel Davenport. Geoffrey Keen, aliyeigiza mkuu wao wa kazi, alibaki. Mtazamaji anakutana na bosi yule yule akizungumza na watu wapya wanaoitwa kwa majina ya zamani!

Pengo kubwa zaidi limo katika kisa chenyewe. Joy Adamson aliandika vitabu vitatu: Born Free (1960), Living Free (1961) na Forever Free (1962). Filamu ya pili ilichukua jina la kitabu cha pili, lakini masimulizi yake yanatokana hasa na kitabu cha tatu: kifo cha Elsa, na jitihada za kuwahamishia wanawe Serengeti. Kitabu cha pili, kinachoeleza maisha ya Elsa pamoja na watoto wake, kimerukwa. Filamu ya kwanza inakoma Elsa akija na watoto wake. Ya pili inamwua kabla hatujamzoea kama mama. Kwa hiyo huzuni tunayoombwa kuihisi haijaandaliwa vya kutosha.

Ni dhahiri basi kwamba methali isemayo haraka haraka haina baraka inaeleza nusu tu ya tatizo. Mwenda pole naye amejikwaa. Filamu ya Kong ilihifadhi sura ikapoteza msuko. Ya Elsa ilipoteza sura, ikaruka daraja la hisia.

Wanafunzi wenzetu wa Migori na Homa Bay wanaotunga michezo kwa ajili ya tamasha za maigizo, na ambao huombwa kuendeleza mchezo uliopendwa mwaka uliotangulia, hawana budi kujiuliza maswali matatu kabla ya kushika kalamu. Mchezo wa kwanza uliacha ahadi gani? Ni nani aliyetoweka, na je, kutoweka kwake kumeelezwa? Jambo jipya limechipuka kutoka kisa cha awali, au limepachikwa? Hadhira husamehe vazi lililochakaa na sauti iliyokwama, lakini aghalabu haisahau ahadi.