Reli ya mezani

Wengi wetu utotoni tuliunda magari ya waya, magurudumu tukiyakata kwenye kandambili zilizochakaa. Hakuna aliyetuuzia. Tuliliona gari barabarani, tukarudi nyumbani kuliunda. Leo tuzungumzie watu wazima wanaofanya jambo hilohilo kwa treni, tena kwa hesabu kali: wale wanaojenga reli ndogo mezani kwa mikono yao wenyewe, na hasa reli ya njia nyembamba.

Kwanza tuelewane juu ya neno hilo. Upana wa njia ya reli hupimwa kati ya pau mbili, upande wa ndani. Kipimo kilichoenea zaidi duniani ni milimeta 1,435, na ndicho cha treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Njia iliyo chini ya hapo ndiyo nyembamba. Reli ya Kati ya zamani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya Wajerumani kwa jasho la vibarua Waafrika, na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja. Ile ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ni vivyo hivyo. Wajenzi waliuchagua wembamba kwa sababu ya fedha: mataruma mafupi, tuta dogo, na kona kali zinazouzunguka mlima badala ya kuutoboa.

Faida hiyo ya kona kali ndiyo inayompendeza mwenye chumba kidogo. Tatizo lake ni kwamba treni ndogo za madukani aghalabu ni za njia pana za Ulaya na Marekani. Anayetaka stesheni aliyokulia hatapata boksi lake. Itambidi aijenge.

Kazi huanza na kipimo. Wengi hutumia moja kwa 87, yaani kila kitu hugawanywa kwa 87. Mtu wa kawaida huwa na kimo cha sentimeta mbili. Mita moja ya njia yetu huwa milimeta 11 na nusu. Hapo Uswisi inatusaidia: milimani kwao ziko reli za mita moja kama zetu, na njia ndogo za kuziigiza, zenye upana wa milimeta 12, huuzwa tayari. Nusu milimeta haionekani kwa macho.

Kisha meza: fremu ya mbao na plaiwudi juu yake. Kuta za jengo hukatwa kwenye kadibodi ngumu, mabati ya paa hutokana na karatasi iliyokunjwakunjwa, kokoto ni mchanga uliochekechwa, na majani ni unga wa mbao uliotiwa rangi. Umeme ni wa volti 12, nao hupita kwenye pau zenyewe: moja chanya, nyingine hasi, na magurudumu huupeleka kwenye mota. Kwa hiyo magurudumu ya kulia lazima yatenganishwe na ya kushoto kwa plastiki, la sivyo utapiga shoti. Ukibadilisha chanya na hasi, treni inarudi nyuma.

Hata hivyo, msikilizaji, ugumu wenyewe hauko kwenye gundi. Kilometa moja kwa kipimo hicho ni mita 11 na nusu. Chumba cha mita nne hakibebi hata nusu kilometa. Basi huna budi kuchagua utaweka nini na utaacha nini, na ukishachagua, lazima ukijue sawasawa.

Mwezi uliopita nilikwenda na tepu yangu kwenye stesheni ndogo nilikokulia. Nilikuwa na hakika kwamba jengo lina milango mitatu upande wa njia. Nikaikuta miwili. Tangi lililonywesha injini za mvuke halipo. Mzee mmoja aliyefanya kazi hapo zamani alinionyesha msingi wake ndani ya majani, tukaupima kwa hatua. Akaniuliza, "Mwanangu, mnataka kuijenga upya?" Nikamjibu, "Ndiyo Mzee, ila juu ya meza." Alicheka, kisha akasema: "Basi usiusahau mwembe. Abiria walingoja chini yake, si ndani."

Mimi niliusahau. Na hakuna ramani yoyote ya wahandisi ambayo ingeniambia watu walikaa wapi.

Injini kubwa zina bahati. Mount Gelai, mojawapo ya injini za mvuke za aina ya 59 zilizoundwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, zilizokuwa kubwa kuliko zote za njia ya mita moja duniani, imehifadhiwa makumbusho ya reli Nairobi. Yeyote anaweza kwenda kuitazama. Stesheni ndogo hazina makumbusho. Njia mpya zinapopita kwingine, bati huondoka, kisha mlango, kisha wale wanaokumbuka.

Kwa hiyo, hata kama hutajenga reli mezani, chukua tepu na daftari. Pima jengo moja unalolipenda, na umuulize mzee mmoja palikuwa na mti gani. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.