Je, Wajua? Injini ya Mini Ilivyoongezewa Nguvu

Gari dogo la Mini lilipoingia sokoni Uingereza mwaka 1959, injini yake ya cc 848 ilitoa nguvu za farasi 34 tu. Miaka miwili baadaye, John Cooper, muundaji wa magari ya mashindano, alishirikiana na kiwanda cha Mini kuifikisha 55. Kipenyo cha silinda hakikutanuliwa, kilipunguzwa kidogo! Kilichorefushwa ni mwendo wa pistoni, kutoka milimita 68.26 hadi 81.28, injini ikafika cc 997. Ikafungwa kabureta mbili badala ya moja, mgandamizo wa mchanganyiko wa hewa na petroli ukapandishwa, na magurudumu ya mbele yakawekewa breki za diski. Mwaka 1964 dereva Paddy Hopkirk alishinda Monte Carlo Rally kwa Mini Cooper S, toleo kali zaidi la gari hilo lenye injini ya cc 1071.