Kiingereza cha mahakama: bidhaa adimu Arusha

WAKILI wa Bujumbura au Goma anayeruhusiwa kusimama katika mahakama za juu za nchi yake anaruhusiwa pia kumtetea mteja mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki hapa Arusha. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 ulimpa haki hiyo. Lakini ibara ya 46 ya Mkataba huo huo iliweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama, na hapo ndipo wengi hukwama.

Mahitaji yaliongezeka Rwanda na Burundi zilipoingia mwaka 2007, kisha Kongo mwaka 2022, nchi ambazo sheria zake zina asili ya Kibelgiji. Februari 2021 wakuu wa nchi walikubali Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi za Jumuiya. Uamuzi mzuri, ila hukumu zilizokwisha kuandikwa tangu Mahakama ilipozinduliwa mwaka 2001 ziko kwa Kiingereza.

Kwa mfanyabiashara, suala hili ni la fedha. Mtu ambaye mzigo wake umezuiwa mpakani kinyume cha Mkataba ana miezi miwili tu ya kufungua kesi. Wakili wake akitumia wiki tatu kutafuta mtafsiri, muda huo hafidiwi. Katika Mahakama ya Rwanda, iliyokaa hapa Arusha hadi mwaka 2015, Kifaransa na Kiingereza vilikuwa sawa na wakalimani walilipwa na Umoja wa Mataifa. Katika kesi ya mzigo, gharama ya lugha huishia kwenye ankara ya mteja.

Kozi ya kawaida ya Kiingereza haimsaidii wakili huyu. Kuagiza chai anajua. Kinachomponza ni maneno yanayofanana. Kwake "demander" ni kuomba, kumbe "demand" katika barua ya wakili wa Moshi ni kudai, na nyuma yake kuna kesi. "Magistrat" wa Kongo anaweza kuwa mwendesha mashtaka. "Magistrate" wa Arusha ni hakimu wa mahakama ya chini. Gumu zaidi ni "consideration". Sheria ya Kiingereza hutaka kila upande utoe kitu ndipo mkataba usimame, na ahadi tupu kwa kawaida haidaiwi. Sheria aliyosomea yeye haina sharti hilo, hivyo kamusi haitamwokoa. Anahitaji kufundishwa sheria yenyewe.

Hapa mawakili wa Arusha wana mtaji ambao, kwa maoni yetu, hawajautumia vya kutosha. Walisoma sheria kwa Kiingereza, na Kiswahili ndicho wanachozungumza na wateja kila siku. Mwenzao wa Goma anajua Kiswahili pia. "Consideration" ikielezwa kwa Kiswahili, kwa mfano wa gunia la maharage, itaeleweka kwa kipindi kimoja. Kinachobaki ni mazoezi: kusoma hukumu halisi, kuandika hati ya kiapo, kuirudisha ikiwa na wino mwekundu, na kuiandika tena.