Simu kwenye usukani: nani mkali kuliko wote?

Aprili 3, 1973, jijini New York, mhandisi Martin Cooper wa Motorola alipiga simu ya kwanza duniani kwa simu ya mkononi. Mwaka huohuo Bunge letu lilitunga Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo hadi leo ndiyo wanayoisimamia trafiki wa Tegeta na Mbagala. Tuzo ya sheria iliyozaliwa mwaka mmoja na adui yake, bila kumjua, inabaki nyumbani.

Kwa faini nzito, wachache wanaifikia Queensland, Australia: tangu Februari 2020, kushika simu ukiendesha ni dola 1,000 za huko au zaidi, na pointi 4 kwenye leseni. Kenya ni shilingi 2,000 za kwao, Rwanda faranga 10,000. Kwetu faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa.

Japani wametanguliza jela: hadi miezi 6, au faini ya hadi yeni 100,000, tangu Desemba 2019. Novemba 2024 wakawabana hata waendesha baiskeli. Mwenye bodaboda wa Tandika, simu kaibana kati ya sikio na helmeti, ashukuru Mungu hayuko Tokyo. Na kituko kikubwa kuliko vyote ni cha Honolulu, ambako tangu Oktoba 2017 hata mtembea kwa miguu hutozwa akivuka barabara macho yakiwa kwenye simu. Pale Mwenge trafiki angeandika mpaka kalamu iishe wino.

Lakini ubingwa wenyewe nawapa New South Wales, hukohuko Australia. Desemba 2019 walizindua kamera za kwanza duniani za kunasa simu, zinazompiga picha dereva kupitia kioo cha mbele, usiku na mchana. Miezi 3 ya mwanzo walituma barua za onyo tu. Sisi tuna tochi, nayo hupima mwendo basi. Tena madereva wanapeana taa kabla hujaifikia. Anayekwenda 50 huku akijibu ujumbe hupita mbele yake bila kosa, ingawa katika sekunde 5 za kutazama simu amekwenda karibu mita 70 bila kuona njia. Shirika la Afya Duniani linasema mwenye simu yuko kwenye hatari ya ajali takriban mara 4 zaidi.

Kigumu zaidi ni kumwandikia sheria bodaboda au bajaji anayeitwa kwa programu: simu ndiyo ramani, ndiyo abiria, ndiyo nauli. Uingereza walilitatua Machi 2022. Ni marufuku kuishika, hata kwa kupiga picha au kuchagua wimbo. Ikiwa imefungwa kwenye kishikizo, ruksa kufuata ramani.

Bunge likiifumua sheria ya 1973, lichukue maneno ya Uingereza na kamera za Australia. Faini ibaki hiyohiyo 30,000.