Nyumba Ndani ya Tone la Mvua

Asubuhi moja ya masika haya, jirani yangu, mama mtu mzima, alinikuta nimepiga magoti katikati ya majimbi yake, suruali imelowa chapachapa. "Watafuta nini hapo, mwanangu?" Nikamwonyesha kioo cha kamera. Akatazama, akanitazama. "Si nyumba yangu hii! Na mbona iko kichwa chini?"

Swali lake ndilo la kuanzia. Tone la maji ni lenzi. Kwa kuwa ni la mviringo, mwanga unaopita ndani yake hupinda, unaotoka juu ukaishia chini na wa chini ukaenda juu. Basi chochote kilicho nyuma ya tone, kiwe nyumba, mnazi au ua la asumini, utakiona humo kikiwa kidogo na kimepinduka. Wengi huikosa picha hii kwa sababu hulenga ngozi ya tone. Taswira haikai pale. Huelea mbele kidogo, upande wa kamera. Ukishalipata tone lenyewe, rudi nyuma kiasi cha unywele, nayo itajitokeza.

Majani nayo yana tabia zake. Kwenye jani la mwembe maji hutanda na kulala bapa. Jani la jimbi lina vijipele vidogo mno vyenye nta, visivyoonekana kwa macho, na maji hayapati pa kushika. Hujikunja yakawa kama shanga na kubingirika. Ndiyo maana siachi kuwasumbua majirani wenye majimbi.

Lenzi niipendayo ni ya makro, ya milimita 100. Kitu cha milimita tano hukaa kwenye kihisio cha kamera kwa ukubwa wake huo huo wa milimita tano, na bado mbele ya lenzi yabaki kama sentimita 15 kabla ya kuligusa tone. Nafasi hiyo ndiyo niliyoilipia. Simu za siku hizi zapiga karibu, sikatai, lakini kwa umbali zinaoutaka kivuli chako huziba mwanga, na mkono hugusa jani tone likaanguka.

Shida ya makro ni kina. Ukiwa karibu kiasi hicho, tundu la lenzi likiwa wazi kwa f/2.8, sehemu inayoonekana wazi haifiki hata nusu milimita. Kwa f/11 wapata milimita moja na ushei, na hapo ndipo ninaposimama, kwani ukilibana tundu hadi f/22 picha nzima huanza kulegea. Kubana tundu kwapunguza mwanga, kwa hivyo kamera huchelewa kufunga, na jani likitikisika kidogo tu kazi imeharibika. Upepo wa kusi hauna huruma. Mimi hutoka baada ya Swala ya Alfajiri, kukishapambazuka, kabla upepo haujaamka.

Sasa niseme lililoniuma. Hii si lenzi yangu ya kwanza. Ya kwanza niliinunua mkononi kwa mtu, kwa pesa nilizozidunduliza, nikaithamini mno. Kila nikirudi mvuani niliifuta, nikaitia kwenye mkoba wake wa ngozi, nikaufungia kabatini. Msimu uliofuata picha zikawa na utandu. Nilipoimulika kwa tochi nikaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, ndani kabisa ya vioo. Fundi aliifungua akasafisha, lakini ukungu ulikuwa umeshaila tabaka ya juu ya kioo, na alama zile hazikutoka tena.

Hewa yetu ya pwani ni ya unyevu, na kuvu hupenda giza, joto na ngozi. Kwa hivyo siku hizi lenzi hulala ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kabla ya kuitia humo huiacha kwanza ikauke vizuri penye hewa. Vipakiti navyo huchoka, vyataka kubadilishwa. Na ukitoka chumba chenye eyasi usifungue mkoba papo hapo. Ngoja kama nusu saa lenzi ipate joto, la sivyo kioo kitajaa ukungu wa maji kama bilauri ya sharubati.

Jirani aliitaka picha ya nyumba yake. Nilimchapishia, akaigeuza juu chini ili nyumba isimame, kisha akaitundika sebuleni.