Kitabu cha Akiba Hakiulizi Nani Ameokoka



Tunapozunguka Migosi na vijiji vya huku ufuoni kukagua vitabu vya vikundi, kuna jambo tunakutana nalo mara kwa mara. Kikundi kimekaa miaka, akiba inaingia, mikopo inarudi. Halafu ugomvi unazuka, na wala si wa pesa. Mmoja ameandika kwenye WhatsApp ya kikundi kwamba kusali rozari ni kuabudu sanamu. Mwingine anajibu kwamba afadhali rozari kuliko kupiga kelele usiku kucha. Wa tatu anauliza, wote wakisoma, yule mama anayefungua mkutano kwa sala, watoto wake wana baba wangapi? Wiki inayofuata watu watano hawaji, na mchango wao hauji.

Simu imeongeza moto, kwa sababu anayeandika usiku na hasira haoni uso wa mwenzake. Lakini simu haikuanzisha ugomvi huu. Huku Nyanza tunao tangu zamani, na ni vizuri tukumbuke ulivyokwenda.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ulifika katika Kanisa la Anglikana sehemu za Maseno. Waliookoka walitubu hadharani: wizi, ulevi, uzinzi, vyote vilitajwa. Wengi waliacha pombe kweli na nyumba zao zikabadilika, hilo tusilifiche. Kwa kuwa walihubiri sana damu ya Yesu, kwa Kiluo waliitwa Joremo, watu wa damu. Shida iliingia pale kutubu dhambi zangu kulipogeuka kuwa kutaja zako. Asiyetoa ushuhuda kama wao alihesabiwa yuko gizani bado, hata akiwa kasisi. Wengine wakajibu kwamba Mkristo anajulikana kwa upendo, nao wakaitwa Johera, watu wa upendo. Aliyewaongoza ni kasisi Matthew Ajuoga.

Upatanisho ulijaribiwa ukashindikana. Mwaka 1957 Johera walitoka na kuanzisha kanisa lao, Church of Christ in Africa, lenye makao Dala Hera hapa Kisumu, yaani boma la upendo. Mwanahistoria wetu Bethwell Ogot, pamoja na F. B. Welbourn, waliandika habari zao katika kitabu kilichotoka 1966. Kinachotugusa sisi ni kwamba Johera waliondoka na kitabu kile kile cha sala cha Anglikana. Ugomvi haukuwa wa Utatu wala wa ubatizo. Ulikuwa wa nani ana haki ya kumpima mwenzake, na ampime mbele ya nani. Na jina zuri nalo linaweza kuwa kofi: ukijiita mtu wa upendo, yule mwingine anasikia kwamba yeye hana.

Sisi Wakatoliki tusicheke. Legio Maria ilitoka kwetu mwaka 1963, chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, hata jina likatokana na chama chetu cha walei. Leo tunaketi nao benchi moja siku ya kikundi, na bado wako wanaowacheka kwa kanzu zao. Ni aibu.

Sasa tufanye nini? Kwanza tusichanganye ibada na mwenendo. Msabato haji mkutano wa Jumamosi, hali kambare, na wengi wao hawanywi chai ya majani. Mkatoliki ana misa Jumapili. Hapo hakuna cha kujadili, panatakiwa ratiba nzuri na sufuria ya pili. Warumi waligombana juu ya chakula na siku, na katika sura ya 14 Paulo aliwaambia anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula.

Mwenendo ndio mgumu. Mwekahazina akilewa na pesa za kikundi mfukoni, hilo ni la kikundi. Mwanachama akinywa kwake jioni na mchango wake umelipwa, hilo ni la padri wake na mkewe. Mjane amekubali kurithiwa, au amekataa? Hiyo si ajenda ya mkutano. Tujiulize tu kama jambo limegusa pesa, kazi au usalama wa mwanachama. Na kumpiga mke kumegusa usalama, kwa hiyo msituambie ni siri ya nyumba. Mama asindikizwe hospitali, na polisi.

Ikiwa jambo limegusa kikundi, Mathayo 18 inatoa njia: mwendee peke yako, kisha na mmoja au wawili, ndipo mbele ya wote. Vikundi vingi vinaanzia mwisho. Ukituma kwenye WhatsApp, watu 30 wamesoma kabla mhusika hajaamka. Kwa hiyo tunashauri WhatsApp ya kikundi ibaki ya tarehe, michango na habari za msiba, na katibu apewe usimamizi wake ili aweze kufuta mengine bila kuuliza mtu.

Limebaki la matanga, ambalo linatuletea barua nyingi kuliko yote. Walokole hawataki pesa ya kikundi igharamie disko matanga. Wengine wanaona tero buru ni upagani, na wazee wanaona kuikataa ni kumtupa marehemu. Kikundi hakitamaliza hayo. Andikeni katika katiba kiasi maalum cha rambirambi, kilicho sawa kwa kila mwanachama, kikabidhiwe familia kwa mkono siku moja kabla ya mazishi, na wapokeaji wawili watie sahihi. Familia ikinunua sukari au ikiita muziki, kitabu kinaandika tu kwamba pesa zimetoka na zimepokelewa.